Kulinda gari isiibiwe: anza na ufunguo, hivyo vidude vingine vitafuata

Watu wengi wakisikia gari ya jirani imeibiwa wanakimbilia kununua alamu, tena ile yenye kelele kuliko zote, wanafunga, wanalala. Mimi nilikuwa hivohivo. Sasa jiulize, mara ya mwisho umesikia alamu ya gari inalia usiku ulitoka nje kuangalia? Hukutoka, ulivuta shuka ukamlaani mwenye gari. Mwizi anajua hilo vizuri kabisa. Anachohesabu yeye ni dakika, yaani hii gari itanichukua muda gani, nitaonekana na nani, na je ile ya pembeni si rahisi zaidi? Kazi yako ni kumuongezea hizo dakika mpaka aone bora aende, na kwa kweli huhitaji hela nyingi, unahitaji mpangilio. Nitakupa kwa hatua jinsi nilivyofanya mimi na jinsi ningefanya kama ningeanza upya.

Hatua ya 1: Jua gari yako inaibiwaje

Hapa wengi wanaruka, alafu wananunua kinga ya ugonjwa ambao hawana. Gari ya ufunguo wa chuma isiyo na imobilaiza inaibiwa tofauti kabisa na gari ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe.

Imobilaiza ni ile kompyuta ya gari kukataa kuwaka mpaka isome chipu iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo. Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia 1998, Kanada 2007, ila Marekani hakukuwa na sheria hiyo. Matokeo yake yakaonekana 2021 na 2022, vijana wakawa wanarusha video mtandaoni wakionyesha Kia na Hyundai za ufunguo wa chuma zikiwashwa kwa kichwa cha waya wa USB, huo huo wa kuchajia simu! Waya wenyewe hauna uchawi wowote, ni kwamba ile chuma yake ilikuwa inaingia vizuri pale palipobaki ukishatoa silinda ya ufunguo, na gari haikuwa na imobilaiza ya kuuliza wewe nani. Magari ya aina hizohizo yaliyouzwa Kanada hayakuwa na shida hiyo. Februari 2023 kampuni zikaanza kutoa programu mpya bure na kufuli za usukani nazo zikagawiwa.

Sasa gari yako utajuaje? Washa swichi, angalia kwenye dashibodi kama kuna kitaa cha gari yenye kufuli au cha ufunguo ambacho kinawaka kidogo kisha kinazima. Kama hukioni na gari ni ya zamani, muulize fundi umeme akupimie. Kama haina, basi nenda moja kwa moja hatua ya 4, hiyo ndo itakuokoa.

Gari za kitufe nazo zina ugonjwa wake. Ile rimoti yako haikai kimya. Gari inatoa mawimbi mafupi ya kuita, rimoti ikiwa karibu inajibu, mlango unafunguka. Wezi wanakuja wawili, mmoja anasimama na mashine karibu na mlango wa nyumba yako, mwenzake yuko kwenye gari na mashine nyingine, wanarefusha yale mawimbi, gari inadhani umesimama pembeni yake na rimoti mfukoni kumbe umelala. Hakuna kioo kilichovunjwa, alamu haijalia, asubuhi unakuta nafasi tupu unabaki kujiuliza kama jana uliegesha kwingine.

Hatua ya 2: Funga njia ya ufunguo

Kama ungefanya kitu kimoja tu katika haya yote, fanya hiki.

Kwa rimoti za kitufe, nunua kile kipochi chenye kitambaa cha metali ndani kinachozuia mawimbi, au tumia kopo la bati lenye mfuniko wake unaobana. Usikiamini kwa sababu kimeandikwa kinazuia. Tia rimoti ndani, funga, nenda hadi kwenye gari ukiwa umekishika mkononi, vuta kitasa. Mlango ukifunguka, kitupe. Kipochi changu cha kwanza kilifanya kazi vizuri kama miezi minane hivi, alafu siku moja nikiwa nimekiweka mfukoni nikaegemea gari, nikasikia tik, milango ikafunguka yenyewe. Nikakichana kuangalia, kile kitambaa cha ndani kimekatikakatika kwenye mkunjo. Tangu hapo nakipima kila mwanzo wa mwezi, sekunde kumi tu. Na rimoti ya akiba nayo itie kwenye kopo, watu wanaficha moja alafu ya pili inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Magari mengine unaweza kuzima kabisa huo ufungukaji wa bila kubonyeza, humo humo kwenye menyu ya gari. Soma kitabu chake. Na rimoti nyingi za miaka ya karibuni zinalala zenyewe zikikaa bila kutikiswa dakika kadhaa, kwa hiyo kama yako ni ya hivo usiiache mahali watoto wanaichezea.

Alafu kuna wizi wa ufunguo ambao hauna teknolojia yoyote, na nahisi ndo unaomaliza magari mengi kimyakimya, mtu unayempa ufunguo kwa mkono wako mwenyewe. Anayeosha gari, fundi, dereva wa siku mbili, mlinzi wa maegesho anayekuambia acha ufunguo nitaisogeza. Ufunguo wa chuma unachongwa dakika chache, na wa chipu nao unanakiliwa na mwenye mashine. Kwa hiyo toa ufunguo wa gari peke yake, usimpe na wa nyumba, na kama gari inabaki gereji siku mbili tatu usimuachie na kadi ya gari ndani. Nani anahitaji kadi yako ili abadilishe breki pedi?

Ukinunua gari iliyotumika, uliza funguo ziko ngapi, na hata ukipewa mbili usiridhike. Mpelekee fundi wa funguo mwenye mashine, aangalie kompyuta ya gari inatambua funguo ngapi, afute zote, aingize zako tu. Kama kompyuta inasema nne na wewe umeshika mbili, hizo mbili ziko mfukoni mwa nani? Fanya hivohivo siku ukipoteza ufunguo, kuchonga mwingine peke yake haitoshi maana ule uliopotea bado unafungua.

Na ukifunga gari kwa rimoti, usiondoke mgongo umeipa gari. Kuna wezi wanakaa na kifaa cha kuziba mawimbi kwenye maegesho, unabonyeza, gari haisikii, unaenda zako. Angalia taa zimepepesa, sikia kufuli zimegonga, vuta kitasa kwa mkono. Mimi navuta kila siku mpaka wenzangu wananicheka.

Hatua ya 3: Weka chuma kinachoonekana

Kufuli ya usukani ni kitu cha kizamani lakini bado sijaona kinachoishinda kwa bei yake. Ndiyo, inakatika kwa grainda, au usukani wenyewe unakatwa kwa msumeno, usiniambie hilo nalijua. Ila mwizi wa mawimbi aliyekuja na mashine yake safi mfukoni hakuja na grainda, na grainda ina kelele na cheche. Akichungulia dirishani akaiona inakaa vile na rangi ya njano, anahesabu tena dakika zake.

Chagua ya chuma nene inayofunika usukani au ile ndefu inayogusa dashibodi, sio zile nyembamba zinazopinda ukizikalia. Za kufunga pedali au gia nazo ni nzuri, shida yake hazionekani kutoka nje, kwa hiyo mwizi anavunja kioo kwanza ndo anagundua. Kioo umeshapoteza.

Kikubwa ni kwamba uifunge kila unaposhuka, hata dakika tano. Kufuli iliyolala kwenye buti haimfukuzi mtu.

Hatua ya 4: Swichi ya siri

Hapa ndo nafurahi kuongea. Swichi ya siri ni swichi ndogo uliyoificha inayokata kitu kimoja muhimu, mwizi hata akiwa na ufunguo original gari haiendi popote.

Unakata nini? Chaguo mbili za kawaida ni starta, ile mota inayozungusha injini ianze kuwaka, au pampu ya mafuta. Ukikata starta, akizungusha ufunguo hakuna kinachotokea, kimya, na mwizi mwenye akili anaanza kutafuta waya uliokatwa, na kama gari ni ya gia za mkono anaweza kuisukuma ikawaka. Ukikata pampu, injini inazunguka vizuri, saa nyingine inawaka kabisa kwa mafuta yaliyobaki kwenye paipu, inaenda mita chache kisha inakata. Yeye anadhani amechukua gari mbovu. Mimi nachagua pampu siku zote. Kwa dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika, fundi anakata umeme wa soleno, ile valvu ya umeme inayoruhusu mafuta, ni kitu kilekile.

Sasa sikiliza vizuri namna ya kuifunga maana hapa gari zinaungua. Usimruhusu fundi akate waya mnene unaopeleka umeme kwenye pampu yenyewe alafu akaupitisha kwenye kiswichi cha plastiki. Pampu inavuta ampea nyingi, kile kiswichi kitapata joto, kitayeyuka, na siku kikigoma uko katikati ya barabara. Mwambie akate upande unaoamrisha rilei (ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu), ule waya mwembamba unaoishtua rilei, huo unapitisha umeme kidogo sana hata swichi ndogo inaumudu. Kwenye rilei nyingi miguu imeandikwa namba, 30 na 87 ndo njia ya umeme mkubwa, 85 na 86 ndo ya kuamrisha. Hiyo 85 au 86 ndo ya kukata. Waya uunganishwe kwa risasi ya kuyeyushwa na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto, sio kusokotwa na kuzungushiwa seloteipu. Na waya zenye ganda la njano usiguse, kwa kawaida hizo ni za eabegi, mifuko ya hewa inayokukinga ukigonga.

Swichi yenyewe uifiche wapi? Fundi wangu wa kwanza aliifunga chini ya usukani upande wa kushoto, akaniambia hapa hapaonekani bosi. Nikampelekea gari rafiki yangu naye ni fundi umeme, nikamwambia tafuta swichi. Alikaa kwenye kiti, akapeleka mkono chini ya usukani bila hata kuinama, akaigusa. Sekunde nne. Akaniambia wote wanaifunga hapo. Tuliihamisha, na sitakuambia ilipo, ila nakupa mawazo: kitufe cha kiwandani ambacho hakina kazi kwenye toleo lako la gari, ndani ya mfuko wa kiti, chini ya zulia la abiria wa nyuma, au sumaku ndogo unayopitisha juu ya plastiki mahali fulani na ndani yake kuna swichi inayoshtuka kwa sumaku. Pafikie ukiwa umekaa, lakini mtu akikuangalia asijue umefanya nini.

Usichague ile ya kukata gari kwa simu ikiwa mwendoni. Injini ikizima ghafla, usukani unakuwa mzito na breki inapoteza msaada wake baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Mwizi akigonga watu, utakaa na hilo maisha yako yote. Zilizo salama zinasubiri gari isimame ndo zinazuia isiwake tena.

Kama leo huna hela ya fundi, kuna njia ya mkono: ukilaza gari siku nyingi chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, tia mfukoni. Mchoro wake uko kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi.

Hatua ya 5: Treka, na makosa yake

Treka haizuii wizi. Inakusaidia kuitafuta gari ikishaondoka, basi. Inasoma mahali ilipo kwa satelaiti kisha inakutumia kwa laini ya simu, kwa hiyo laini ikikosa salio au ikifungwa kwa kutotumika, unabaki na kiboksi cha plastiki. Haya ndo nimeyaona yakiharibika.

Inafungwa nyuma ya redio, sehemu ya kwanza mwizi kuangalia. Au inafungwa chini ya chuma ambapo haioni anga. Plastiki na kitambaa havina shida, chuma ndo adui. Chagua yenye betri yake ya ndani ili wakichomoa betri ya gari ibaki hai masaa kadhaa, na ikutumie ujumbe umeme ukikatwa.

Nywila! Treka nyingi za bei ya chini zinakuja na 123456, na mtu akijua namba ya laini yako anaweza kuiamrisha kwa meseji kama wewe. Badilisha siku hiyohiyo.

Kama unaweza, weka mbili, moja ya kawaida na nyingine ya betri peke yake isiyounganishwa na waya wowote, umeificha mbali na ya kwanza. Wezi wengi wakichukua gari wanaiacha mahali siku moja mbili waone kama mtu anaifuata, wakati huo ile ya pili ndo inakuambia iko wapi. Wengine wanatumia AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea, ni sawa ila jua kwamba ilitengenezwa isitumike kufuatilia watu, kwa hiyo simu ya mwizi nayo itamwambia kuna AirTag isiyo yako inatembea na wewe. Ni nyongeza tu.

Hatua ya 6: Soketi na bampa

Kuna soketi chini ya dashibodi fundi anapochomeka mashine ya kupima. Mwizi naye anachomeka hapo akaandikisha ufunguo mpya. Kuna vifuniko vya chuma vyenye kufuli, ni kazi ya nusu saa.

Njia nyingine ni mpya zaidi na inatisha. 2022 huko London mtaalamu wa usalama wa kompyuta za magari alikuta bampa ya RAV4 yake imevutwa na waya za taa ya mbele zimechomolewa, akadhani ni wahuni wanaharibu tu. Ikatokea tena. Baadaye gari ikaondoka kabisa. Kumbe walikuwa wanatafuta waya wa mawasiliano unaopita kwenye taa, ukichomeka kifaa hapo unaidanganya gari kwamba ufunguo upo. Kipochi cha rimoti hakisaidii kitu hapo, kufuli ya usukani na swichi ya siri ndo zinasimama. Kwa hiyo ukikuta bampa au plastiki ya juu ya tairi imelegea na hujagonga, usiseme watoto hao. Hamisha gari usiku huohuo.

Hatua ya 7: Unapoegesha

Haraka haraka. Penye mwanga na watu wanaopita. Kata usukani matairi yaangalie ukuta au ukingo, tia gia, vuta handibreki, gari yenye matairi yaliyogeuzwa inasumbua hata kuvutwa. Kama una geti, gari ya thamani iwe ndani na nyingine nyuma yake. Usiache kitu chochote juu ya kiti, hata begi tupu, maana mwizi hajui ni tupu mpaka avunje.

Usiache gari inaunguruma ukashuka kufungua geti. Najua mvua inanyesha, najua ni sekunde thelathini. Hizo sekunde thelathini ndo anazozisubiri, na bima nyingi zikisikia ufunguo ulikuwa kwenye gari wanaanza kutafuta sababu ya kutolipa.

Vipuri navyo: andika namba ya gari kwenye vioo vya saiti mira na madirisha kwa kuchora, maana vipuri vyenye namba isiyofutika vinakosa soko. Nati za tairi zenye kufuli zinasaidia, moja kila tairi, ila ile soketi yake maalumu iweke sehemu unayoikumbuka. Mimi pancha ilinikuta usiku na soketi iko kwenye droo ya jikoni, gari ikawa salama kabisa hata kwangu mwenyewe.

Hatua ya 8: Ikitokea

Leo, kabla hujalala, piga picha kadi ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, na alama zozote ambazo wewe tu unazijua, mkwaruzo ndani ya buti, kipande cha kiti kilichoungua. Tuma kwenye barua pepe yako. Siku ya tukio kichwa kinakuwa hakifanyi kazi.

Ukikuta nafasi tupu, uliza kwanza kama haikuvutwa na wenye mamlaka. Kama hapana, polisi papo hapo, alafu bima, alafu mwenye huduma ya treka. Treka ikikuonyesha ilipo, wape polisi, usiende mwenyewe na mashemeji watatu kwenye pikipiki. Na usiiposti ile ramani mtandaoni, mwizi naye ana bando.

Wakikusimamisha kwa silaha barabarani, mikono ionekane, sema kama kuna mtoto nyuma ili umtoe, shuka, ondoka. Usiguse swichi ya siri wakati huo wala usibishane kuhusu ufunguo. Ukiigusa, gari inaweza kuwazimikia mita mia mbele na wakarudi wamekasirika, kwa hiyo kama unapita sehemu za hatari, fikiria vizuri na fundi wako kabla ya kuchagua unakata nini na inakata baada ya muda gani.

Gari ikirudi, kabla ya kuilaza tena kwako, futa funguo zote kwenye kompyuta na uhamishe swichi, maana walioichukua wameshajifunza ilipo.